Kuhara kusikokoma: kipimo cha choo au kinyama, loperamaidi au budesonaidi?

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni alifika kaunta kwangu Kirumba, hapa Mwanza, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. "Mwangaluka mayu," nikamwamkia. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa yanautafuta mlango wa nyuma. Mtu aliyehara muda mrefu huwa hivyo: akiingia mahali, kabla hajakaa, anataka kujua choo kiko wapi. Alitaka "ile dawa ya juzi", yaani metronidazo. Alikuwa ameshaimeza dozi tatu, na kabla ya hapo alitibiwa taifodi, halafu minyoo, halafu taifodi tena.

Sikumuuzia. Nilimpa kiti nikamwomba anisimulie choo chenyewe kilivyo. Maji matupu, mara saba au nane kwa siku, mbili kati ya hizo usiku wa manane. Damu hakuna, homa hakuna, na sasa ni mwezi wa nne. Mara moja ilimtoka akiwa juu ya bodaboda kabla hajafika nyumbani. Hilo alilisema kwa sauti ya chini sana, baada ya kuniita "mwanangu" kwanza.

Nawaandikia watu kama yeye, na watoto wao wanaowalipia vipimo. Mimi ni mfamasia, si daktari wa utumbo, kwa hiyo sikupi cheti cha ugonjwa. Lakini naona pesa zinavyopotea. Kuhara kukipita wiki 4 kunaitwa sugu, na hapo orodha ya zamani ya amiba, taifodi na minyoo haitoshi tena. Mojawapo ya magonjwa yanayosahaulika ni kolitisi ya hadubini.

Ugonjwa ambao kamera haiuoni

Ni mchochota wa utumbo mpana. Daktari akipitisha kamera anakuta ukuta wa utumbo uko kawaida, au umekuwa mwekundu kidogo tu. Mpaka kinyama kikatwe na kuwekwa chini ya hadubini, na hapo huonekana kwa sura mbili. Ya kwanza, chini ya tabaka la juu la utumbo kuna utepe wa kolajeni, protini inayoshikanisha mwili, ulionenepa kupita mikromita 10. Ya pili, seli nyeupe ziitwazo limfosaiti zimejipenyeza kati ya seli za tabaka hilo, 20 au zaidi kwa kila seli 100. Sura ya kwanza ilielezwa Sweden mwaka 1976, jina la jumla likaja mwaka 1980, na sura ya pili ikapata jina lake mwaka 1989. Matibabu ni yale yale kwa zote mbili, basi usikose usingizi ukiwaza umeangukia upande gani.

Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa waliokaribia au kupita miaka 60. Wavutaji sigara wamo. Wenye matatizo ya tezi ya shingo, baridi yabisi au kisukari cha aina ya kwanza wamo pia. Na wamo watu wanaomeza dawa fulani kila siku. Hao nitawarudia, maana ndio wengi wanaopita kaunta kwangu.

Ugonjwa huu hauzai saratani. Lisemeni hilo mapema nyumbani, kwa sababu huku kwetu mtu akiambiwa "utakatwa kinyama" anasikia "una kansa", na wengine hawarudi hospitali kwa neno hilo moja tu.

Kipimo cha choo dhidi ya kinyama

Ukiishi kando ya ziwa, anza na choo. Sipingani na hilo hata kidogo. Kichocho cha tumbo kimejaa kuanzia visiwa vya Ukerewe mpaka mialo ya Sengerema, na mtu anayevua, anayefua au anayeanika dagaa amekanyaga maji hayo maisha yake yote. Kosa ni namna tunavyopima. Tone la choo kwenye kioo huona mayai pale tu yanapokuwa mengi. Kuna njia ya Kato-Katz, inayopima kipande cha choo cha miligramu 41.7 na kuhesabu mayai yaliyomo. Hiyo ni nzuri zaidi, na ni nzuri zaidi tena ikirudiwa kwa choo cha siku tofauti, kwa sababu mayai hayatoki sawasawa kila siku. Kipo pia kipimo cha mkojo cha kutafuta chembe za kichocho cha tumbo. Ukikutwa nacho, prazikwanteli hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na inamezwa baada ya chakula.

Kichocho cha tumbo mara nyingi huacha dalili nyingine: damu au kamasi kwenye choo, tumbo kusokota, na kikikaa miaka, ini na bandama kuvimba. Maji matupu bila damu, tena kwa mtu wa miaka 60 na kitu, si mwendo wake wa kawaida. Unaweza kuwa nacho na bado kisiwe ndicho kinachokuharisha. Tibu, kisha hesabu wiki. Usipoona nafuu, songa mbele.

Pamoja na choo, pima VVU. Si tusi kwa bibi yeyote. Kinga ikishuka, kuna vijidudu kama kriptosporidiamu ambavyo havionekani kwenye kipimo cha choo cha kawaida mpaka maabara iviwekee rangi maalumu, na maabara haitaiweka usipoombwa. Tezi ya shingo ipimwe kwa damu kama moyo unadunda mbio na jasho haliishi. Na jaribu jambo moja la bure: acha maziwa ya moto na chai ya maziwa kwa wiki mbili. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima hatuyeyushi sukari ya maziwa vizuri. Mgando hautusumbui sana.

Sasa linganisha. Kipimo cha choo ni rahisi, majibu siku hiyohiyo, kinapatikana hata zahanati. Lakini kolitisi ya hadubini hakiwezi kuiona kabisa. Kurudia kipimo hichohicho mara ya nne hakukipi macho ambayo hakikuwa nayo. Kipimo cha kalprotektini, protini ya kwenye choo inayoashiria mchochota wa utumbo, ambacho hospitali kubwa zinacho, nacho hakikati mzizi: wagonjwa wa kolitisi hii wengine huwa nayo juu, wengine huwa nayo kawaida.

Kinachoamua ni kinyama peke yake. Na hapa kuna njia mbili za kukipata.

Kamera fupi hufika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, upande wa kushoto. Maandalizi ni madogo, mara nyingi ni kusafishwa kwa maji kwa njia ya haja tu, na mtu huweza kurudi nyumbani kwa miguu yake. Kinyama cha upande huo hunasa wagonjwa wengi. Tatizo ni kwamba ule utepe wa kolajeni haunenepi sawasawa kote. Karibu na mwisho unaweza kuonekana wa kawaida wakati kule juu kulia umenenepa. Kamera ndefu huzunguka utumbo mpana wote. Maandalizi yake ni mateso ya nusu siku, gharama ni kubwa zaidi, lakini kinyama hutoka pande zote mbili, na kwa umri huo daktari anapata nafasi ya kuangalia saratani kwa safari ileile. Ukiweza moja tu, chagua ndefu. Ukishindwa, fupi yenye kinyama inaishinda ndefu isiyo na kinyama.

Hilo la mwisho si utani. Mteja wangu mwingine, mwalimu mstaafu, alilipia kamera ndefu katika hospitali moja, akarudi na karatasi imeandikwa utumbo ni wa kawaida. Alifurahi siku tatu. Kuhara hakukusoma ile karatasi. Nilipoisoma mimi, hapakuwa na neno lolote kuhusu kinyama; hakuna kilichokatwa, kwa kuwa hakuna kibaya kilichoonekana. Akaja kunywa ile dawa ya kusafisha utumbo upya, lita zote. Kwa hiyo kabla hujavua nguo muulize daktari kwa adabu: "Daktari, ukikuta kila kitu ni kawaida, utachukua kinyama?" Mwongozo wa Ulaya wa 2021 kuhusu kolitisi hii unataka angalau kinyama cha upande wa kulia unaopanda na cha upande wa kushoto unaoshuka, kila upande kwenye kichupa chake cha fomalini chenye lebo. Na fomu inayokwenda patholojia iandikwe "kuhara sugu kwa maji", si "maumivu ya tumbo" tu. Mpatholojia anayejua anachotafuta huhesabu; asiyejua hupitisha macho.

Ukiona damu kwenye choo, homa, uzito kuporomoka, au macho na kiganja kuwa vyeupe, usikae kulinganisha chochote. Nenda.

Siku ya kusafisha utumbo

Watu wa Mwanza mjini wana afueni: wanapanda mlimani hospitali ya Bugando, wakishuka wako nyumbani. Anayetoka Sengerema au Geita ndiye mwenye hesabu. Zamani aliyekunywa dawa ya kusafisha utumbo kisha akafika Kigongo au Busisi akakuta foleni ya kivuko, alikuwa anamwomba Mungu wake kwa majina yote. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 hivi, unavuka kwa dakika chache. Hata hivyo, ushauri wangu haujabadilika: dawa hiyo usiinywe safarini. Lala kwa ndugu mjini, nyumba yenye choo cha karibu, uinywee hapo.

Siku ya kunywa, kula ni vinywaji vinavyopitisha mwanga: chai ya rangi, supu ya sato iliyochujwa mpaka isibaki hata mwiba, maji yenye ORS. Juisi ya rozela acha. Wekundu wake ukibaki ukutani mwa utumbo unaweza kudhaniwa damu. Mwenye kisukari aongee na daktari wake kwanza kuhusu dawa za asubuhi hiyo.

Kabla ya dawa yoyote, dawa ulizonazo

Nilimwomba yule mama aje na kila anachomeza. Kesho yake akafungua pindo la kanga kwenye kaunta: diklofenaki ya magoti, miaka miwili sasa, omeprazo, aliyoambiwa ameze ili diklofenaki isimchome tumbo, na vidonge vya pilipili manga na tangawizi kutoka kwa jirani. Nikavitenga viwili vya kwanza.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, dawa za asidi kama omeprazo na lansoprazo, na baadhi ya dawa za sonona kama setralini, zote zinahusishwa na kolitisi hii. Hakuna anayesema kila anayezimeza atahara. Ila mtu anayehara akiwa anazimeza, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kujaribu, na hakigharimu hata shilingi. Goti linaweza kuhamia kwenye parasetamoli na diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana. Omeprazo ikiachwa ghafla, kiungulia hurudi kwa kishindo siku za kwanza, basi ipunguzwe polepole. Aspirini ya moyo na dawa ya sonona usiziguse bila daktari aliyekuandikia. Na anayemeza metformini ya kisukari ajue kwamba nayo inaharisha kwa njia yake yenyewe, bila kolitisi yoyote.

Wengine huishia hapa. Wiki chache bila dawa hizo, choo kinashika. Ndiyo maana huwa sikubali kuandika mtu kwenye daftari la dawa za gharama kabla sijaona pindo la kanga.

Loperamaidi, budesonaidi, prednisoloni

Loperamaidi ipo kila duka na bei yake haimshindi mtu. Vidonge viwili vya miligramu 2 kuanzia, kisha kimoja baada ya kila choo cha maji, bila kuvuka miligramu 16 kwa siku. Kuzidisha kunaugusa moyo. Kwa mwenye kuamka usiku, kuimeza wakati wa kulala humpa angalau usingizi. Inapunguza mwendo wa utumbo, mchochota inauacha palepale. Kwa kuhara kwa wastani, au wakati wa kusubiri majibu ya kinyama, ni chaguo zuri. Kwa mwenye damu au homa, hapana.

Budesonaidi ndiyo dawa ambayo mwongozo wa Ulaya na ule wa Marekani wa 2016 inakubaliana kuiweka mbele. Miligramu 9 kwa siku, kawaida kapsuli tatu za miligramu 3 asubuhi, kwa wiki 6 hadi 8. Ni steroidi, lakini imetengenezwa ifunguke chini kwenye utumbo, na ile inayoingia kwenye damu, ini huharibu asilimia 90 hivi katika mzunguko wa kwanza. Kwa hiyo utumbo unatibiwa na mwili wote haulipii sana. Wengi huona tofauti ndani ya wiki mbili tatu.

Angalizo la kaunta: budesonaidi tuliyoizoea ni ya kuvuta ya pumu na ile ya kupuliza puani. Hiyo si hii, na hakuna namna ya kuigeuza. Ameshakuja kijana ameandikiwa jina kwenye karatasi, akataka nimpe pampu ya pumu ampelekee baba yake. Unayoitaka ni kapsuli ya utumbo, na isifunguliwe wala kutafunwa, maana ganda na punje zake ndivyo vinavyoifikisha mahali pake. Famasi nyingi haziweki; huagizwa, husubiriwa, na bei yake inauma. Uliza kabla hujakata tamaa, na uliza bima yako kwa jina kamili la dawa.

Kuna watu wa kuwaangalia zaidi. Anayetumia dawa za VVU za mstari wa pili zenye ritonavia: ritonavia huzuia ini kuiharibu budesonaidi, na ile asilimia 90 iliyokuwa inaishia kwenye ini inaanza kuzunguka mwilini. Uso unajaa, sukari inapanda, misuli inalegea. Mwambie daktari wa kliniki yako kabla. Wanaotumia mchanganyiko wa mstari wa kwanza wenye dolutegravia hawana tatizo hilo. Dawa za fangasi kama itrakonazo na ketokonazo zina kosa kama la ritonavia, na balungi nalo liwekwe pembeni.

Prednisoloni ndiyo ninayoogopa, kwa sababu ni rahisi na ipo kila mahali. Mwongozo wa Ulaya unasema usiitumie kwa ugonjwa huu. Ule wa Marekani unaikubali kwa shingo upande pale tu budesonaidi isipowezekana. Mimi niko na Ulaya kwa sababu ya mahali tulipo. Prednisoloni inashika mwili mzima: sukari, presha, mifupa, na kifua kikuu kilicholala kinaamka. Kuna pia mnyoo mdogo, strongiloidi, unaoingia kwa nyayo na kukaa mwilini miaka bila kelele. Steroidi ya mwili mzima inaweza kuuachia uzaliane mpaka kwenye mapafu na damu, na hapo watu hufa. Daktari akilazimika kukupa, kifua kikuu kitafutwe kwanza, na mnyoo huo upimwe au utibiwe kwa ivamektini. Kuinunua mwenyewe dukani kwa sababu "ya jirani ilimsaidia", hapana.

Zilizobaki kwa haraka. Bismathi, dawa ya tumbo, inasaidia baadhi, inaupaka ulimi na choo weusi, na haimfai anayetumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu. Kolestiramini, unga wa kukoroga, ni kwa wale ambao nyongo ndiyo inayowaharisha, labda kwa kuwa waliondolewa mfuko wa nyongo. Imezwe mbali na dawa nyingine maana inazinasa. Mesalazini, dawa nyingine ya mchochota wa utumbo, ndipo miongozo inapogombana: Ulaya wanaikataa, Marekani wanairuhusu kama budesonaidi haiwezekani. Antibayotiki zisizo na sababu, hapana, na metronidazo ya dozi ya nne ni mojawapo.

Inaporudi

Zaidi ya nusu ya wanaoacha budesonaidi, kuhara huwarudia baada ya wiki au miezi. Si kwamba dawa ilikuwa feki. Huanzishwa tena kwa miligramu 9, kisha wengine hubaki na dozi ndogo, 6 au chini yake, kwa muda ambao daktari atauona unafaa, huku wakichunguzwa mifupa, presha na sukari. Ikishindikana kabisa kuna dawa za kutuliza kinga, lakini huo ni uamuzi wa daktari bingwa, na kwanza kinyama kisomwe tena na mtu mwingine.

Yule mama aliacha diklofenaki na omeprazo, akapata nafuu nusu: mara nne badala ya nane, usiku akalala. Wanawe wakachanga, akapimwa kwa kamera ndefu, kinyama kikakutwa na limfosaiti. Siku alipokuja kuchukua kapsuli zake, nilimweleza asubuhi tatu, asizifungue, na kwamba steroidi, hata ile ya upole, inataka mifupa ilindwe, kwa hiyo ale vitu vyenye kalsiamu nyingi, mathalani dagaa wazima na mifupa yao.

Alinitazama kitambo, kisha akacheka mpaka akashika kaunta. "Mwanangu, dagaa unaniambia mimi?"